Vyama Vitano, Karatasi Moja

Katika mkutano mmoja uliofanyika ndani ya ukumbi wa kanisa, mzee mmoja mwenye heshima zake alisimama akatuuliza swali ambalo halijatutoka akilini. "Ninyi watu wa mageuzi," alisema, "mnataka nini tena? Kifungu cha 2A si kilifutwa Desemba 1991? Vyama si vimejaa tele? Anayetaka chake si anakwenda kukisajili?" Watu walicheka, na baadhi yao wakapiga makofi. Hatukumjibu inavyostahili siku hiyo, maana muda ulikuwa umekwisha na akina mama walikuwa wamesimama mlangoni na funguo wakingoja kufunga ukumbi. Tunamjibu leo.

Jibu letu, mzee wetu, linatoka katika nchi ambayo haipo tena. Nchi hiyo ilikuwa na vyama vitano. Si kimoja, vitano: kimoja cha wakomunisti, na vinne vilivyojiita cha Wakristo, cha waliberali, cha wazalendo na cha wakulima. Kila kimoja kilikuwa na mwenyekiti wake, gazeti lake, bendera yake na viti vyake Bungeni. Nchi hiyo ilijiita Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani. Ulimwengu uliiita Ujerumani Mashariki. Ilizaliwa tarehe 7 Oktoba 1949 na ikakata roho usiku wa kuamkia tarehe 3 Oktoba 1990. Sisi tunaoandika haya tulikuwako ilipokata roho. Tulikuwa mwanafunzi mwenye umri wa miaka kumi na mitatu.

Tulifikaje huko? Baba yetu alifundisha Kiswahili katika mji wa Leipzig. Serikali ya huko ilikuwa na wataalamu wake Zanzibar tangu 1964, na baadaye Tanzania Bara na Msumbiji, kwa hiyo ilihitaji vijana wa kusema na watu wa pwani yetu bila mkalimani. Kwa ajili hiyo sisi, mtoto wa Kenya, tulijikuta tumefungwa skafu nyekundu shingoni, tumesimama mstarini asubuhi, tukiapa utayari wetu kwa sauti kuu. Hatukuona ajabu sana. Nyumbani pia tulikuwa tumeimba mistarini, tukimsifu mtu ambaye hatujapata kumwona ila kwa picha iliyotundikwa ukutani.

Mwezi Machi 1989 sheria ya nchi ile iliwapa wageni wakaao humo haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa mabaraza ya mitaa. Hivyo tarehe 7 Mei, siku ya Jumapili, baba alivaa suti yake ya kijivu akatushika mkono tukaenda kupiga kura. Kituo kilikuwa ndani ya shule. Palikuwa na maua mezani. Mama mmoja mpole alimkabidhi baba karatasi moja ndefu yenye majina. Orodha ilikuwa moja tu: vyama vyote vitano, pamoja na vyama vya wafanyakazi, vya vijana na vya wanawake, vilikuwa vimekwisha kugawana viti kabla ya jua kuchomoza. Aliyekubali hakuandika kitu. Aliikunja karatasi akaitumbukiza sandukuni. Aliyekataa alipaswa kufuta kila jina, moja baada ya jingine, na kibanda cha kufanyia hivyo kilikuwa kule pembeni, mbali na mlango, ili kila aelekeaye huko atazamwe na chumba kizima. Tulimwona baba akikitazama kibanda kile kwa muda. Kisha akaikunja karatasi.

Njiani kurudi nyumbani hakusema neno hadi tulipovuka reli ya tramu. Ndipo aliposema: "Kwetu walipanga watu. Hapa wamepanga karatasi." Wasomaji wetu wenye umri wanajua alichokuwa akikisema. Mwaka mmoja na miezi kadhaa kabla ya hapo, Februari 1988, Wakenya walipangwa mlolongo nyuma ya picha za wagombea mchana kweupe, na aliyepata asilimia 70 katika foleni alihesabiwa kuwa amepita bila kupingwa. Watoto wadogo waliona foleni ndefu ni ya nani na foleni fupi ni ya nani, kisha wakasikia redioni kwamba fupi ndiyo ndefu.

Usiku wa siku ile ya Mei mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, Egon Krenz, alitangaza kwamba asilimia 98.85 walikuwa wamekubali. Lakini jambo jipya lilikuwa limetendeka, na ndilo tunalotaka washiriki wa makanisa walisome mara mbili. Sheria ya nchi ile iliruhusu mwananchi kushuhudia kura zikihesabiwa. Kwa miaka arobaini hakuna aliyejali. Mwaka ule vijana wachache, wengi wao wakitoka katika vikundi vilivyokutana chini ya paa za makanisa, walikwenda vituoni jioni na madaftari yao, wakasimama kimya, wakaandika kila takwimu iliyosomwa. Kisha wakakutana na kujumlisha. Katika mtaa wa Weissensee mjini Berlin, kura za kukataa walizozishuhudia kwa macho yao zilikuwa nyingi kuliko zile zilizochapishwa gazetini. Hawakuwa na bunduki, wala balozi, wala fedha za kigeni. Walikuwa na kalamu za risasi. Na tangu hapo, kila tarehe 7 ya mwezi, kikundi kilijitokeza uwanjani Alexanderplatz kuikumbusha serikali kwamba iliiba. Walikamatwa, na mwezi uliofuata walikuja tena.

Tunasikia kila siku, hata kwa wasomi wenzetu, kwamba Ukuta wa Berlin uliangushwa na wakubwa: Gorbachev aliamua, Reagan alihutubia, benki zikakataa kukopesha. Ni kweli kwamba Moscow haikuleta vifaru safari hiyo, na ni kweli kwamba hazina ya Berlin ilikuwa tupu. Hatukatai. Lakini nani aliyewaambia wakubwa hao kwamba mlango umeoza? Lau wananchi wangekaa majumbani, wakubwa wangeendelea kutembeleana na kupigiana mizinga ya heshima, kama walivyofanya Oktoba ile ile katika sherehe ya miaka arobaini ya taifa, hali polisi wanawapiga vijana virungu mitaa michache kutoka pale walipokuwa wakila.

Tangu mwaka 1982 Kanisa la Mtakatifu Nikolao mjini Leipzig lilifanya maombi ya amani kila Jumatatu saa kumi na moja jioni. Mchungaji wake, Christian Führer, alikuwa ameweka ubao nje ulioandikwa kwamba kanisa liko wazi kwa wote, naye akamaanisha hivyo. Walikuja waumini, wakaja wasioamini, wakaja waliotaka kuihama nchi na waliotaka kubaki na kuirekebisha, na majasusi nao wakaja na makoti yao yanayofanana. Mama yetu alianza kwenda mwezi Septemba. Alisema amekwenda kusikiliza kinanda.

Jumatatu ya tarehe 9 Oktoba tuliambiwa shuleni tusikanyage katikati ya mji. Wazazi wa watoto wadogo waliagizwa wawachukue mapema. Siku tatu kabla ya hapo gazeti la chama mjini lilikuwa limechapisha barua ya kamanda mmoja wa askari wa viwandani, akisema wako tayari kuwakomesha wapinzani hata kwa silaha mkononi. Kila mtu aliikumbuka Beijing, ambako mwezi Juni wanafunzi walikuwa wameuawa, na kila mtu alijua kwamba serikali ya Berlin iliwapongeza wauaji. Maelfu ya polisi na askari walikuwa wamepangwa vichochoroni. Tangu mchana mamia ya wanachama wa chama tawala waliamriwa wakakae katika viti vya kanisa ili waumini wakose nafasi. Mchungaji aliwakaribisha. Yamkini baadhi yao walikuwa wanalisikia neno kwa mara ya kwanza maishani.

Baba alitufungia ndani. Mama alivaa viatu vya kutembelea akatoka. Tulikaa na baba jikoni, redio imefunguliwa kwa sauti ya chini, naye alimenya viazi vingi kuliko tulivyoweza kula kwa siku tatu. Saa mbili na nusu usiku mama alirudi. Mkono wake ulikuwa na matone ya nta. Alisema walikuwa watu wengi hata hakuona mwisho wao, na kwamba kila mtu alikuwa ameshika mshumaa kwa mkono mmoja na kuukinga kwa mkono wa pili, na mtu mwenye mikono miwili iliyoshika mshumaa hawezi kutupa jiwe. Baadaye ilikadiriwa kuwa walikuwa sabini elfu. Kurt Masur, kiongozi wa okestra ya mji, pamoja na watu wengine watano, watatu kati yao wakiwa viongozi wa chama tawala mjini, walikuwa wamesoma katika vipaza sauti ombi la utulivu na mazungumzo. Amri ya kupiga haikuja. Hakuna risasi iliyofyatuliwa.

Tumekuwa tukiirudia sentensi hiyo tangu tarehe 25 Juni 2024, siku ambayo vijana wetu wasio na silaha walipigwa risasi nje ya Bunge la Nairobi. Sabini elfu, na hakuna risasi iliyofyatuliwa! Utawala ule haukuwa mpole. Mbele ya Ukuta peke yake watu wasiopungua 140 walikuwa wameuawa tangu 1961, na wa mwisho kupigwa risasi alikuwa kijana wa miaka 20, Februari ya mwaka ule ule wa 1989. Askari wake walikuwa na risasi. Wanaotuambia kwamba kuua hakukuepukika Nairobi watueleze kwa nini kuliepukika Leipzig.

Jumatatu iliyofuata mama alitupeleka. Tulitembea barabara ya mzunguko, tukapita mbele ya jengo la polisi wa siri, wale walioitwa Stasi, ambalo wenyeji waliliita Kona ya Duara. Watu waliweka mishumaa kwenye ngazi zake. Madirisha yalikuwa na giza, na kila mmoja alijua kwamba nyuma ya giza hilo kuna watu wanaotazama. Sauti ilipaa: umma ni sisi! Si jambo dogo kwa mtoto aliyezoea kupiga makofi kwa amri kusikia watu wazima wakisema bila kuamriwa.

Mengine yalipita upesi. Tarehe 18 Oktoba Honecker aliondolewa. Usiku wa Alhamisi tarehe 9 Novemba Ukuta ulifunguka kwa sababu msemaji mmoja wa chama alisoma karatasi asiyoielewa vizuri. Tunachokumbuka sisi ni Jumamosi ya tarehe 11, kwa maana Jumamosi tulikuwa tunasoma. Darasa lilikuwa karibu tupu. Familia zilikuwa zimepanda magari na treni kwenda kuona upande wa pili. Mwalimu wetu wa Kirusi alifungua daftari la mahudhurio akaita kila jina, polepole, akingoja baada ya kila moja kana kwamba kiti kitajibu. Tulimhurumia. Alikuwa mwalimu mzuri.

Habari hizo zilifika kwetu Kenya kabla yetu. Tarehe 1 Januari 1990 Mchungaji Timothy Njoya alisimama katika mimbara ya Nairobi akauliza, iwapo vyama pekee vinaanguka Ulaya Mashariki, tawala za chama kimoja Afrika zinangoja nini. Aliitwa mwendawazimu na mhaini na watu ambao miaka miwili baadaye walikuwa wakiunda vyama. Hatutawataja, maana wengine wao leo ni wazee wa kanisa.

Sasa turudi kwa vile vyama vitano, kwa kuwa hapo ndipo wengi hujikwaa.

Tarehe 18 Machi 1990 Ujerumani Mashariki ilifanya uchaguzi wake wa kwanza ulio huru, na wa mwisho. Zaidi ya asilimia 93 walipiga kura. Nani alishinda? Chama cha Wakristo, CDU, kile kile kilichokaa katika orodha moja na wakomunisti kwa miaka arobaini, kilichoinua mkono kila mkono ulipotakiwa kuinuliwa. Kilibadilisha viongozi wa juu, kikapata ndugu tajiri upande wa Magharibi mwenye jina kama lake, kikachukua karibu asilimia 41 ya kura. Na wale wa madaftari na mishumaa, walioungana wakajiita Muungano wa 90? Asilimia 2.9.

Hatusemi wananchi walikosea. Walitaka fedha zenye thamani na duka lenye bidhaa, nao walimpigia kura aliyeahidi kuvileta upesi. Tunachosema ni kwamba kibaraka hafi siku bwana wake anapokufa. Anatafuta bwana mwingine, na akiba yake ya ofisi, magari, matawi na mazoea ya utii humfaa vizuri katika uchaguzi huru kuliko yalivyomfaa katika ule wa bandia. Mzee wetu anayetuuliza tunataka nini tena, na ajiulize: mnamo Machi 2025, chama tawala na chama kikuu kilichokuwa upinzani walipotia sahihi mkataba wa kushirikiana serikalini, ni mwanachama gani wa kawaida aliyeulizwa? Tunajua hoja ya umoja na utulivu. Tuliisoma kwa Kijerumani, darasa la tano.

Kuna kosa lingine lililotendeka Berlin, na kama mwanasheria hatuwezi kulipita. Tangu tarehe 7 Desemba 1989 serikali na wapinzani walikutana katika Meza ya Duara, makanisa yakiwa wenyeji na wasimamizi. Meza hiyo iliandika rasimu ya katiba mpya. Ilikamilika Aprili 1990, na Bunge jipya likaiweka kando. Katiba ya Magharibi ilikuwa na njia mbili za kuunganisha taifa: Kifungu cha 146, kwamba Wajerumani wote wajiandikie katiba mpya pamoja, na Kifungu cha 23, kwamba upande mmoja ujiunge na sheria za mwingine kama zilivyo. Walichagua cha 23, kwa kuwa kilikuwa cha haraka. Dirisha la Moscow lingeweza kufungwa wakati wowote, na hofu hiyo haikuwa ya bure. Lakini aliyejiunga si sawa na aliyejenga. Hata leo ukizungumza na mtu wa Leipzig mwenye umri wetu utasikia, kabla chai haijapoa, kwamba nyumba si yake, amekaribishwa.

Ikaja tarehe 1 Julai 1990, fedha za Magharibi zikaingia, na mtoto mwenye akiba aliruhusiwa kubadilisha marki 2,000 moja kwa moja. Wenzetu wa darasani walikuwa matajiri wa wiki mbili. Baadaye viwanda vya wazazi wao vilifungwa. Shirika lililokabidhiwa mali ya umma, Treuhand, lilipokea makampuni yapatayo 8,500 yenye wafanyakazi karibu milioni 4. Lilipofunga milango mwishoni mwa 1994, zaidi ya nusu ya kazi hizo zilikuwa zimetoweka.

Na ndugu zetu Waafrika? Wafanyakazi wa Msumbiji, waliopelekwa huko kwa mkataba wa 1979, walikuwa wamekatwa sehemu kubwa ya mishahara yao kwa ahadi kwamba watalipwa kwao. Walirudishwa kwa ndege, na fedha hawakuziona; kwa miaka mingi waliandamana Maputo wakipeperusha bendera ya nchi isiyokuwako. Novemba 1990, taifa likiwa halijatimiza miezi miwili ya umoja, genge la vijana lilimpiga Amadeu Antonio, raia wa Angola, katika mji wa Eberswalde, alifariki Desemba. Mama hakuturuhusu tena kupanda tramu jioni. Barabara ile ile tuliyotembea na mshumaa! Wale wale waliosema umma ni sisi walikuwa sasa wakisema sisi ni umma mmoja, na katika "mmoja" huyo hapakuwa na nafasi ya mtoto mweusi. Baba alipomaliza mkataba wake mwaka 1991 tulirudi nyumbani, wala hatukulia uwanjani.

Hata hivyo kuna jambo moja walilolifanya Wajerumani wale ambalo sisi hatujalifanya, na ndilo hasa lililotufanya tuishike kalamu.

Stasi ilikuwa na waajiriwa wapatao 91,000 na watoa habari wa siri wapatao 189,000. Desemba 1989 moshi ulipoonekana ukitoka katika mabomba ya ofisi zake, wananchi walielewa mara moja kinachochomwa. Tarehe 4 mwezi huo wanawake wa Erfurt waliingia wakakalia milango. Jioni ile Leipzig nayo ikaingia katika Kona ya Duara. Tarehe 15 Januari 1990 umma uliingia makao makuu ya Berlin. Zilikutwa faili ambazo zikipangwa rafuni hufika urefu wa kilomita 111, na maelfu ya magunia ya karatasi zilizochanwa kwa mikono kwa sababu mashine za kuchania ziliharibika kwa kazi nyingi. Ndipo wakubwa wa pande zote mbili walipoanza kusema maneno tunayoyajua sana: tusifukue makaburi, tusahau yaliyopita, faili zikifunguliwa watu watachinjana. Septemba 1990, Magharibi walipotaka faili hizo zihamishwe na kufungiwa kwao, wanaharakati walirudi ndani ya jengo, wakagoma kula. Walishinda. Sheria ilitiwa sahihi Desemba 1991, na kuanzia Januari 1992 kila mtu aliweza kuomba faili lake, alisome, na aambiwe jina la aliyemchongea. Msimamizi wa kwanza alikuwa mchungaji, Joachim Gauck, aliyekuja kuwa Rais wa nchi mwaka 2012. Maombi ya wananchi yamepita milioni 3. Hawakuchinjana.

Usidhani ilikuwa rahisi kwa kanisa. Faili zilionyesha wachungaji waliotoa habari za ungamo. Zilionyesha hata aibu ya taaluma yetu: Wolfgang Schnur, wakili aliyewatetea wapinzani mahakamani na kuaminiwa na maaskofu, kiongozi wa chama kipya cha mageuzi, alifichuliwa siku chache kabla ya uchaguzi wa Machi 1990 kuwa alikuwa mtoa habari kwa miaka mingi. Aliwatetea wateja wake asubuhi na kuwauza jioni. Kanisa liliumia, likajisafisha hadharani kwa kadiri lilivyoweza, na halikufa.

Baba alirudi Leipzig mwaka 1996 kwa mkutano wa wanataaluma, akaliomba faili lake. Alilisoma kwa siku mbili. Aliikuta humo nyumba yetu: nani alikuja, tulikula nini, mama alikwenda kanisani Jumatatu zipi. Aliyeandika alikuwa jirani aliyekuwa akija kwetu kula ugali na sukuma wiki aliyoipanda mama mwenyewe, aliyetufundisha kuendesha baiskeli. Baba alikwenda akagonga mlango wake. Walikaa saa nzima. Walichozungumza hakutuambia, lakini alirudi akalala, na tangu siku hiyo aliweza kulitamka jina la mtu yule bila sauti kubadilika.

Baba huyo alikuwa na mdogo wake hapa Kenya. Mwaka 1986, wakati wa msako wa watu waliodaiwa kuwa wa Mwakenya, baba mdogo alichukuliwa nyumbani alfajiri. Aliwekwa wiki tatu katika jengo moja la serikali mjini, chumbani mwenye maji sakafuni. Alifikishwa mbele ya hakimu jioni, mahakama ikiwa karibu kufungwa, bila wakili, akakiri kwamba alijua habari za chapisho la uchochezi na hakuripoti. Hakuwa amewahi kuliona. Alifungwa, akatoka na mguu usiopona, akaishi miaka mingine ishirini akijaribu kukisia ni nani kati ya wenzake wanne wa chumba cha walimu aliyelitaja jina lake. Aliwashuku wote wanne. Watatu kati yao, kwa vyovyote, hawakuwa na hatia. Aliwanyima salamu hadi wakafa. Mmoja wao alikuwa msimamizi wa ndoa yake.

Ndugu wawili wa tumbo moja. Mmoja aliandikwa na dola ya kikomunisti, akasoma, akagonga mlango, akalala. Mwingine aliandikwa na dola yake mwenyewe, na karatasi yake haijaonekana hadi leo. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhiwa Rais Mei 2013, ikapelekwa Bungeni, ikalazwa huko miaka na miaka. Ripoti ni ripoti. Haina jina la aliyemtaja baba mdogo. Hilo limo katika faili, na faili liko katika kabati, na kabati lina mtu mwenye ufunguo. Kwa hiyo mzee wetu akituuliza tunataka nini tena, tunataka ufunguo. Chama kinachoomba kura zetu na kitueleze kama kitatuletea ufunguo huo, na makanisa, ambayo yana askofu katika kila sherehe ya serikali, yaulize jambo hilo kabla ya kubariki chakula.

Tunajua tutakachojibiwa: usalama wa taifa. Basi na tuseme kama mawakili. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma iamue ombi ndani ya siku 21. Baba mdogo alikuwa amefariki sheria hiyo ilipopitishwa, lakini mjane wake yu hai, naye ndiye mteja wetu. Tumeandika kwa niaba yake mara tatu kwa ofisi inayohusika. Barua ya kwanza ilijibiwa kwamba faili halionekani. Ya pili ilijibiwa kwamba halikuwahi kuwako. Ya tatu haikujibiwa. Barua ya nne tumeiwasilisha kwa mkono, ikapigwa muhuri wa kupokelewa mbele yetu, na mama akaomba akae nayo nakala. Ameiweka ndani ya Biblia, naye huzihesabu siku.